Zermatt kwa sisi tusiocheza skii: mchana panda juu ukale, jioni mkate na supu inatosha

Kila nikiongea na watu wetu waliowahi kufika Zermatt, mji wa milimani kule Uswisi, nasikia hadithi ile ile. Wameshuka treni, wamepiga picha za mlima Matterhorn, wamezunguka barabara ya stesheni wakisoma menyu zilizobandikwa nje ya migahawa, wameona bei wakaguna, wakaishia McDonald's (ipo, barabara hiyo hiyo), halafu jioni wakapanda treni kurudi zao Zürich au Geneva na kauli kwamba ule ni mji wa matajiri, chakula hamna. Inaniuma kiukweli, kwa sababu chakula kipo, tena kitamu sana, ila kipo juu mlimani na kinaliwa mchana, na wengi hawajui kwamba hata kama hujawahi kuvaa viatu vya skii maishani unaweza kukifikia kwa miguu yako mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa Moshi, siku hizi naishi kusini mwa Ujerumani, na wakati wa baridi huwa tunaenda Zermatt mimi, mke wangu na shemeji yangu, ambaye yeye ndio mcheza skii. Sisi wawili tunatembea na kula. Basi watu wakawa wananiuliza sana, nikaona bora niandike yote hapa niwe natuma linki tu.

Kwanza mji wenyewe. Zermatt iko jimbo la Valais, mita 1,600 na ushee kutoka usawa wa bahari, mwisho kabisa wa bonde. Magari ya mafuta hayaruhusiwi, ukija na gari unaliacha Täsch, kilomita kama 5 chini, unapanda treni ya dakika 12 hivi, na ukishafika utaona vigari vidogo vya umeme vyenye umbo la boksi vinapita kimya kimya kwa hiyo angalia nyuma kabla hujakatiza barabara. Wakazi wa kudumu hawafiki elfu 6 lakini migahawa inazidi mia, na sehemu kubwa ya hiyo haiko mjini, imetawanyika milimani huko, kwenye vitongoji vya zamani na kwenye vituo vya treni na vya magari ya waya. Hilo la mwisho ndio la kushika.

Kwa nini milimani? Kwa sababu kule ndiko watu wa hapa walikokuwa wanaishi na mifugo yao na vishamba vyao kabla mji haujawa mji wa wageni. Wengi wanaijua Zermatt kwa tarehe moja, Julai 14, 1865, siku Mwingereza Edward Whymper na wenzake sita walipofika kileleni Matterhorn, mita 4,478, wakiwa watu wa kwanza, na wakati wa kushuka kamba ikakatika wanne wakafa. Habari ile ilienea Ulaya nzima na badala ya kuwatisha watu ikawavuta. Hoteli Monte Rosa ya familia ya Seiler, ambako Whymper alifikia, ipo mpaka leo katikati ya mji. Reli kutoka Visp ikafika 1891, na 1898 ikafunguliwa ya kupanda mpaka Gornergrat, mita 3,089, ambayo ilikuwa ya umeme tangu siku ya kwanza. Kabla ya hayo yote hapa palikuwa na wakulima maskini tu, wanalima rai (nafaka ya kufanana na ngano ila inavumilia baridi) na viazi, wanafuga ng'ombe, mbuzi na kondoo, wanatengeneza jibini, wanakausha nyama kwa upepo. Tanuri la mkate lilikuwa la kijiji kizima na lilikuwa linawashwa mara mbili tatu tu kwa mwaka, yaani mkate ukiokwa ndio huo, unakaa miezi, unakuwa mgumu kama tofali na bado unaliwa.

Sasa ushauri wangu mzima uko hapo. Kile chakula cha shida, cha watu waliokuwa wanasubiri baridi iishe, ndicho chakula bora cha Zermatt mpaka leo. Sushi ipo, shampeni ipo, kamba wa baharini wapo, lakini vyote hivyo vimepandishwa kwa treni kutoka mbali na wewe unalipia nauli yao. Jibini, nyama kavu, mkate wa rai na viazi ni vya hapa hapa au vya bonde la pili, vinatengenezwa na watu ambao babu zao walivitengeneza. Mgeni akija Marangu akala chipsi kuku hotelini siku zote akaondoka bila kuonja mtori, sisi wenyewe tunamsikitikia, na Zermatt ni vile vile.

Nianze na Findeln kwa sababu ndipo ninapopapenda kuliko pote. Unapanda treni ya ndani ya mwamba inayoanzia mjini karibu na mto, dakika chache tu uko Sunnegga, mita 2,288, unatoka handakini unakutana na jua na Matterhorn mbele yako nzima, hakuna cha kuizuia. Kutoka pale kuna njia ya watembea kwa miguu, wakati wa baridi wanaishindilia theluji vizuri, unateremka taratibu kama nusu saa unafika kitongoji chenye nyumba za mbao zilizoungua jua mpaka zikawa nyeusi na kikanisa kidogo cheupe. Vaa buti zenye soli ya kung'ata, hiyo usinibishie, na kama unazo chukua fimbo mbili za kutembelea, maana kuna sehemu barafu imejificha chini ya theluji laini. Hapo Findeln zamani walikuwa wanalima rai kwenye vipande vya shamba vilivyochongwa kwenye mteremko, juu kiasi hicho, na ukisimama barazani kwenye mgahawa unaiona kabisa ile miteremko.

Mgahawa maarufu kuliko yote pale ni Chez Vrony, mita 2,100, nyumba ya familia moja kwa zaidi ya miaka mia. Umaarufu wao wameupata kihalali. Nyama kavu na jibini ni vya kwao wenyewe, kuna baga ambayo watu wanaipandia mlima kwa ajili yake tu, viti vya nje vimetandikwa ngozi za kondoo na unakaa barazani jua linakuchoma huku miguu iko kwenye theluji. Sahani kubwa ni faranga 30 na kuendelea, sikufichi, na hapo ndio watu wanakimbia. Lakini ninachofanya mimi ni hivi: tunaagiza sahani moja ya ubao yenye nyama kavu, jibini na mkate wa rai tunakula wawili, kila mmoja supu yake, na tunakaa. Hakuna anayekukimbiza ukiwa na buking. Bila buking msimu wa baridi na jua likiwa limewaka usijisumbue, piga simu siku kadhaa kabla. Wakikwambia wamejaa, jirani kuna Findlerhof, na kuna Adler Hitta ambao wanachoma kuku kwenye moto wa kuni, harufu inakukuta njiani kabla hujaiona nyumba. Kwa mtu wa kwetu ambaye jibini bado linampa shida kidogo, Adler Hitta ndio pa kuanzia.

Ukimaliza usirudi Sunnegga. Endelea kushuka kwa miguu mpaka mjini, inapita katikati ya msitu wa misonobari, kama saa moja hivi, na chakula chote kinakuwa kimeshashuka ukifika.

Upande wa pili wa bonde kuna Zum See, na huku huhitaji kulipia tiketi ya kitu chochote. Unatoka mjini unafuata mto kupanda, unapita Winkelmatten na Blatten, na kwa mwendo wa kawaida nusu saa mpaka dakika arobaini na tano uko pale, mita 1,766. Njiani angalia yale maghala ya mbao yaliyosimamishwa juu ya vinguzo vyenye mawe bapa ya duara, hayo mawe ni ya kuzuia panya wasipande kwenye nafaka, na mengine yana miaka mia kadhaa. Zum See ni nyumba ndogo, dari liko chini, na wanasifika kwa tambi wanazotengeneza wenyewe na keki moja ya matabaka yenye krimu katikati ambayo wacheza skii wanaipigania, ikiisha imeisha. Mke wangu anaagiza keki kwanza wakati wa kukaa, ndio anasoma menyu. Kama Zum See imejaa, Blatten hapo chini pana mgahawa pia, mtulivu zaidi.

Na kama una wazee au watoto mnaosafiri nao, yaani kutembea kwenye theluji haiwezekani, basi pandeni treni ya Gornergrat mshuke Riffelalp, mita 2,222, mtembee kidogo tu mpaka Alphitta. Hapo ndio pa kula rösti. Ni viazi vilivyochemshwa siku moja kabla, vikaparuzwa, vikakaangwa na siagi kwenye kikaango cha chuma mpaka vikashikana vikawa kama chapati nene ya rangi ya dhahabu, juu wanaweka mayai ya kukaanga au jibini lililoyeyuka. Wazee wa kwetu wote niliowaona wakila rösti wamemaliza sahani. Haina maelezo marefu, ni viazi na siagi.

Haya, tuje kwenye jibini la moto, maana ndio kila mtu anauliza. Kuna raclette na kuna fondue na watu wanachanganya. Raclette ndio ya hapa Valais kabisa, nusu ya gurudumu la jibini inasogezwa kwenye moto, uso wake ukiyeyuka wanaupangusa kwa kisu juu ya sahani yako, unakula na viazi vidogo vilivyochemshwa na maganda yake, vitango na vitunguu vya siki, ukimaliza wanakuletea nyingine. Fondue ni sufuria la jibini lililoyeyushwa linawekwa katikati ya meza juu ya kimoto, mnachovya vipande vya mkate kwa uma mrefu, na chini kabisa mwishoni unabaki ukoko. Huo ukoko usikubali mhudumu auondoe! Mwombe aukwangue mgawane, ndio utamu wa shughuli nzima. Mjini Zermatt, Whymper-Stube, kwenye jengo la ile hoteli ya Monte Rosa, ndipo watu wengi wanapoenda kwa vyote viwili, padogo, pana joto, na nguo zako zitanuka jibini siku mbili.

Ndugu zangu Waislamu nisomeni vizuri hapa, kwa sababu wahudumu hawatakwambia usipouliza. Fondue ya kawaida inapikwa na mvinyo mweupe na mara nyingi wanamalizia na pombe kali ya matunda, haiwekwi pembeni, imo ndani ya sufuria. Kuna kitu kinaitwa Käseschnitte, mkate wenye jibini la kuyeyuka juu, unauona hauna tatizo, kumbe mkate wenyewe mara nyingi umeloanishwa na mvinyo. Raclette kwa kawaida haina pombe, ni jibini na moto tu, kwa hiyo hiyo ndio yenu. Kwenye ubao wa nyama, zile pande nyekundu iliyokolea zilizokatwa nyembamba ni nyama ya ng'ombe ya kukaushwa, lakini pembeni yake mara nyingi wanaweka hemu (paja la nguruwe) na mafuta ya nguruwe, na ni nyama ya kuchinjwa kawaida ya huku, kwa hiyo kama unafuata halali ruka ubao uombe jibini tupu na mkate. Rösti nayo uliza kama ina vipande vya nguruwe, wanapenda kuvitia. Neno la Kijerumani la kushika ni "Speck", sema "ohne Speck" na "ohne Wein" watakuelewa vizuri tu, sijawahi kuona mtu ananuna.

Kuna ubishi wa miaka na miaka hapa Uswisi kwamba na fondue unywe nini, wengine mvinyo mweupe, wengine chai ya rangi ya moto, na wote wanasema maji baridi yanagandisha jibini tumboni. Mwaka 2010 madaktari wa Zürich walilichukulia hili kwa uzito wake, wakalisha watu 20 fondue, wengine kwa mvinyo wengine kwa chai, wakapima tumbo linachukua muda gani kumwaga chakula, na matokeo yakachapishwa kwenye jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ. Waliokunywa pombe chakula kilikaa tumboni muda mrefu zaidi, na kale kapombe kakali ka kumalizia kanazidi kuchelewesha. Kwa hiyo chai, jamani. Watu wa chai ndio sisi, hapa tumeshinda.

Kwa wale ambao bila kipande cha nyama hawajala, kuna Schäferstube kwenye hoteli Julen, na hapa nasema wazi kwamba hii ni siku ya kutumia hela. Familia ile inafuga kondoo wenyewe, wale wa Valais wenye uso mweusi na pembe zilizojikunja na manyoya mengi mpaka unajiuliza macho yako wapi, na kondoo huyo ndiye unayemla. Chumba ni cha mbao za zamani. Kuwe na buking, na nendeni mkiwa na njaa ya kweli.

Jioni nyingine zote mimi sili mgahawani, na hapa ndio siri ya kuiweza Zermatt bila mfuko kulia. Pangeni apatimenti yenye jiko badala ya hoteli. Mkabala na stesheni kuna Coop kubwa, jumapili pia inafungua kwa sababu ni mji wa watalii, tofauti na sehemu nyingi za Uswisi, na bei zake ni zile zile za Uswisi za kawaida, haziumizi kama za mgahawani. Chukua mkate wa rai wa Valais, angalia umeandikwa AOP, maana hiyo inakuhakikishia kwamba umetengenezwa Valais kwa utaratibu wa kale, rai asilimia 90 kwenda juu. Chukua kipande cha jibini la raclette, apatimenti nyingi zina kale kajiko kadogo ka mezani ka kuyeyushia, kipo kabatini, fungua utakiona. Tengeneza supu ya viazi na liki (mboga ya jamii ya vitunguu). Umekula kama mfalme kwa bei ya kahawa mbili za barazani.

Kama unabeba maharage yako kutoka nyumbani (shemeji anabeba, kila mara) ujue kwamba kwenye mwinuko huu maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, sio 100, kwa sababu hewa ni nyepesi, kwa hiyo maharage yatachukua muda mrefu sana kuiva. Njoo na presha kuka au nunua ya kopo. Ugali hauna shida yoyote.

Asubuhi nendeni kwenye bekari ya Fuchs, wana mkate wao wa waongoza wageni wa mlimani, umejaa matunda makavu na njugu, mzito hasa, kipande kimoja kwenye mfuko wa koti kinakutoa Sunnegga mpaka mjini. Ndio zawadi ninayowapelekea majirani Ujerumani badala ya chokoleti.

Vinywaji. Maji kwanza: chemchemi za barabarani ambazo hazijaandikwa vinginevyo ni maji safi ya kunywa, jaza chupa yako, na kunywa mengi kwa sababu hewa ya juu ni kavu na utapata kichwa ukidhani ni uchovu. Mgahawani maji ya bomba wakati mwingine wanakutoza, usishangae. Kwa asiyekunywa pombe kuna Rivella, soda iliyoanza 1952, imetengenezwa na yale maji ya maziwa yanayobaki jibini likishatolewa, ukisikia hivyo unasita, onja kwanza. Na kuna Ovomaltine ya moto, ambayo wazazi wetu wengi walitukuza nayo kama Ovaltine bila kujua ni ya Bern, ilianza kuuzwa 1904. Kwenye vibanda vya juu wanakuletea maziwa ya moto na kipakiti unakoroga mwenyewe. Mama yangu nilipompigia simu ya video nikamwonesha kikombe alifurahi kuliko nilipomwonesha Matterhorn.

Kwa wanywaji, mvinyo mweupe wa hapa unaitwa Fendant, mwepesi, unaagizwa kwa desilita kwa hiyo huhitaji chupa nzima. Kuna mwingine unaitwa Heida unatoka Visperterminen, kijiji cha juu ya Visp pale unapobadilisha treni, mashamba yake ya zabibu yanapanda mpaka zaidi ya mita 1,000 na ni kati ya yaliyo juu kabisa Ulaya. Huo ndio wa kuagiza kama unaagiza glasi moja tu. Saa kumi jioni wacheza skii wanaanza kumiminika kutoka Furi, kituo cha magari ya waya juu ya mji, na baa ya kwanza njiani ni Hennu Stall, muziki juu, watu wanacheza wakiwa na viatu vya skii vya plastiki. Unaweza kufika kwa miguu na shemeji yetu tunamkuta hapo. Baadaye mjini kuna Papperla kwa kelele zaidi, na Brown Cow kwenye hoteli Post ambapo unapata baga na bia kwa bei inayovumilika kulinganisha na majirani zake. Mke wangu na mimi tunapenda Elsie's, kijumba cha mbao mbele ya kanisa, meza zinahesabika, wanakutengenezea Irish coffee mbele yako. Bakshishi haidaiwi, huduma imo ndani ya bei, ila watu wanajumlisha kidogo mpaka namba nzima na nawaomba na nyinyi mfanye hivyo.

Nawaomba kwa sababu ya watu wanaotuhudumia. Wengi wao ni Wareno. Ndio jamii kubwa kabisa ya wageni Zermatt, wapo jikoni, wapo vyumbani wanatandika, wapo kwenye ujenzi, watoto wao wanasoma shule za hapa, na bila wao hakuna mgahawa hata mmoja niliotaja ungefungua mlango kesho asubuhi. Ukiwasalimia kwa "bom dia" uso unabadilika, na wakishajua wewe umetoka Afrika ya Mashariki mazungumzo yanaanza, mwingine atakwambia ana ndugu Msumbiji. Vidokezo vyangu vingi vya bei nafuu nimevipata kwa wahudumu hawa wakiwa wanamaliza zamu, sikuvipata kwenye vitabu vya utalii.

Sasa kitu cha mwisho, na hiki ni cha siku yenye anga safi na hela kidogo ya ziada. Upande wa pili wa mlima ni Italia. Wacheza skii wanavuka kwa skii, mchana wanakula Cervinia, wanarudi. Sisi wa miguu tulikuwa hatuwezi, lakini tangu Julai 2023 magari ya waya yameunganishwa, unatoka Zermatt unapanda mpaka Klein Matterhorn, mita 3,883, halafu unashuka kwa jingine mpaka Testa Grigia uko Italia bila kukanyaga theluji. Tiketi ni ghali, ndio maana nasema mara moja. Pale Testa Grigia kuna Rifugio Guide del Cervino, mita 3,480, kibanda cha waongozaji wa Kiitaliano, na ukiingia tu mambo yanabadilika, tambi sahani imejaa, espresso nzuri kuliko yoyote uliyokunywa wiki nzima, na bei ni ya euro na ya kibinadamu. Beba pasipoti, viza yako ya Schengen inatosha kwa nchi zote mbili hata kama ni ya kuingia mara moja maana huhesabiki umetoka. Tembea polepole huko juu, hewa ni nyepesi hasa, panda ngazi kama mzee na usinywe pombe kabla hujazoea. Ukitaka unaendelea kushuka mpaka Cervinia mjini ukale kwa nafasi, lakini kabla hujakaa mezani muulize mhudumu wa kituo gari la mwisho la kurudi ni saa ngapi siku hiyo na upepo unasemaje, kwa sababu upepo ukizidi wanafunga, na kurudi Zermatt kwa barabara kutoka upande wa Italia ni safari ya masaa kama manne ya kuzunguka milima, kwa teksi ambayo bei yake sitaki hata kuiandika. Sisi tunakula saa tano na nusu asubuhi, kabla ya wacheza skii, na saa nane tumeshageuza.